Maini ya Kukaanga Ubaoni: Jinsi ya Kumjibu Farasi wa g5 Ukiwa na Vipande Vyeusi

Zunguka ukumbi wowote wa mashindano ya sataranji ya wikendi hapa Nairobi, hasa kwenye meza za wanafunzi, na kabla chai haijapoa utamwona farasi mweupe ameshatua kwenye mraba wa g5. Hatua nne tu zimechezwa. Mwenye weusi ameshika kichwa, na mara nyingi hatua ya tano anayoichagua ndiyo inayompeleka nyumbani mapema.

Mwongozo huu ni wa huyo aliyeshika kichwa. Ukweli ni kwamba ufunguzi huu haumtishi Mweusi anayeujua. Kuna askari mmoja wa kumwachia Mweupe kwa hiari, na anayekubali kumwachia hupata nafasi ya kumkimbiza mwenzake ubao mzima. Anayetaka kumrudisha askari huyo papo hapo ndiye anayekaangwa.

Hatua nimeziandika kama zinavyoandikwa kwenye karatasi ya mchezo: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Mraba hutajwa kwa herufi ya safu, a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe, na namba ya mstari, 1 hadi 8 kutoka upande wake. Alama ya x ni kula, + ni cheki, # ni mati, ! ni hatua nzuri, na O-O ni kumficha mfalme upande mfupi: anasogea miraba miwili kuelekea ngome, nayo ngome inamruka. Nukta tatu baada ya namba zinaonyesha hatua ya Mweusi. Tandika ubao usome ukisogeza vipande. Ukisoma kwa macho tu ndani ya matatu, kufika hatua ya saba utakuwa umeshapotea.

Tulipoanzia

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6

Hii ndiyo Kinga ya Farasi Wawili, tawi la Mchezo wa Kiitaliano. Wapo wanaoogopa g5 kiasi cha kucheza 3...h6 badala ya kumtoa farasi. Hatua hiyo haivunji mchezo, lakini ni zamu iliyotupwa: Mweupe anacheza 4.d4, anafungua katikati, na wewe hujatoa kipande kipya. Kama kweli hutaki kelele za g5, cheza 3...Bc5, maana hapo malkia wako wa d8 anailinda g5. Ila ukishajua yanayofuata, hutakuwa na haja ya kukimbia.

4.Ng5

Angalia f7. Farasi wa g5 na askofu wa c4 wote wanaielekea, na mlinzi wake ni mmoja tu, mfalme. Washambuliaji wawili, mlinzi mmoja: hesabu haikubaliki. Ukicheza 4...h6 sasa, umechelewa. 5.Nxf7, na farasi anawashika malkia wa d8 na ngome ya h8 kwa mpigo mmoja. Mfalme hawezi kumla kwa sababu askofu wa c4 yuko nyuma yake.

Kwa hiyo njia ya askofu lazima izibwe:

4...d5 5.exd5

Na hapa ndipo mkono hukimbia kuliko akili.

Kosa lenyewe: 5...Nxd5

Kula ni jambo la kawaida. Askari wako ameliwa, farasi wako anafika pale, unamla aliyekula. Lakini tazama linalotokea:

6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+

Mweupe ametoa farasi mzima ili mfalme wako atoke nje. Malkia wa f3 anampa mfalme cheki na papo hapo anamkodolea macho farasi wa d5. Una njia mbili zinazokuja akilini haraka, na moja ni kifo cha papo kwa papo. Ukirudi 7...Kg8, inakuja 8.Bxd5+. Ukimla askofu, 8...Qxd5 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6#. Ukiziba kwanza, 8...Be6 9.Bxe6#. Kwenye kona ile askofu wa f8 na ngome ya h8 wamemfungia mfalme wao wenyewe. Cheza mistari hii miwili kwa mkono wako mara moja, hutaisahau.

Kwa hiyo lazima 7...Ke6, mfalme atembee hadi katikati ya ubao kumshika farasi wake mkono. Mweupe anaongeza 8.Nc3, na sasa d5 inashambuliwa na watatu: malkia, askofu, farasi. Farasi wa d5 mwenyewe hawezi kuondoka, maana nyuma yake kwenye mshazari wa c4 amesimama mfalme. Unaweza kumwongezea mlinzi kwa 8...Nb4 au 8...Ne7, lakini mfalme amebaki uwanjani na safu za d na e ziko karibu kufunguka.

Waitaliano waliliita shambulio hili fegatello, kipande cha ini, na Waingereza wakaliita ini la kukaanga. Si geni hata kidogo. Mchezo maarufu wa Mwitaliano Giulio Cesare Polerio uliochezwa Roma, unaowekwa karibu na mwaka 1610, ulipita njia hiihii. Ukiweka hali hiyo kwenye programu ya sataranji kama Stockfish itakuambia Mweusi bado anapumua. Sawa, lakini programu haina wasiwasi wala saa inayokimbia. Wewe una dakika kumi, na mwenzako amekariri hatua tano zijazo.

Usijidanganye pia kwamba Mweupe akikosa kuona 6.Nxf7 umeokoka. 6.d4, shambulio la Lolli, ni kali vilevile, na wengi wanaliona bora zaidi. Funga ukurasa wa 5...Nxd5.

Njia ya kufuata: 5...Na5

Farasi wa c6 anashambuliwa na askari wa d5. Badala ya kumlinda au kumla askari huyo, mpeleke ukingoni amguse askofu wa c4:

5...Na5 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6

Hatua ya saba ina shimo dogo. Usile kwa farasi. 7...Nxc6 humwachia Mweupe askari wake bila wewe kupata kitu, kwa sababu askofu wa b5 hasumbuliwi na mtu. Ukila kwa askari wa b7, askofu anashambuliwa tena na lazima ahame. Hii ndiyo roho ya ufunguzi wote: kila hatua yako ibishe hodi kwenye mlango wa kipande cha mwenzako.

Mstari mkuu:

8.Be2 h6 9.Nf3 e4 10.Ne5 Bd6

Simama hapa uhesabu. Mweupe amecheza hatua kumi. Askofu mmoja amechukua hatua tatu (c4, b5, e2). Farasi mmoja amechukua nne (f3, g5, f3, e5). Tatu zilizobaki ni za askari mmoja, e4, d5, c6, naye ameshaliwa. Hakuna kipande kingine kilichotoka. Ana askari mmoja zaidi, ndiyo, lakini wewe una farasi wawili nje, askofu wa d6 anayemsumbua farasi wa e5, askari wa e4 anayembana, na njia wazi kwa askofu wa c8. Hicho ndicho ulichonunua kwa askari mmoja.

Kisha huendelea hivi mara nyingi:

11.d4 exd3 12.Nxd3 Qc7

Hatua ya 11 ya Mweusi ni kula kwa kupita. Askari mweupe ameruka kutoka d2 hadi d4, na askari wako wa e4 anamla kana kwamba alisimama d3. Mkono wa kasi hukosea hapa: askari wako anakwenda d3, na askari mweupe anaondolewa d4. Haki hiyo ni ya hatua ile tu. Ukisubiri zamu moja imepotea. Na usiiache, maana askari wa d4 akibaki, farasi wa e5 anapata nguzo na askari wako wa e4 anageuka mzigo. Mweupe akichagua 11.f4, jibu ni lilelile upande wa pili, 11...exf3 12.Nxf3, na mfalme wake amekuwa mtupu zaidi.

Malkia wa c7 na askofu wa d6 wamepangwa kwenye mshazari mmoja kuelekea h2. Mweupe lazima alishughulikie hilo kabla ya kujificha huko. Wewe endelea na O-O, ngome ya f8 kwenda e8, askofu wa c8 atoke f5 au a6 kulingana na Mweupe alivyojipanga, na ngome ya a8 kwenda b8 au d8.

Kipande kinachosahaulika ni farasi wa a5. Amefanya kazi yake kwenye hatua ya tano, halafu watu wanamwacha ukingoni hadi mchezo unaisha. Sukuma c5 kisha mrudishe c6, au mpitishe b7. Mchezo mwingi wa aina hii hupotea si kwa sababu ya yule askari mmoja, bali kwa sababu Mweusi alicheza na vipande sita dhidi ya saba.

Kosa jingine ni kubadilishana malkia mapema. Ukiwa nyuma askari mmoja, kila kipande kinachotoka ubaoni humsaidia mwenye ziada. Mwenzako akikuletea malkia wake uso kwa uso bila sababu, ujue anajua hesabu hiyo. Mkwepe.

Askofu akienda kwingine

Wapinzani hawasomi mwongozo mmoja na wewe, kwa hiyo baada ya 7...bxc6 tarajia haya.

8.Bd3 imependwa sana miaka ya karibuni. Inaonekana ya ajabu kwa kuwa inaziba askari wa d2, lakini inampa farasi wa g5 kituo cha e4. Jibu rahisi: 8...Nd5. Farasi wa f6 akishaondoka, malkia wa d8 anamwona farasi wa g5, na Mweupe lazima afanye kitu. Akirudi 9.Nf3, cheza 9...Bd6 na e5 imelindwa.

8.Qf3 inatega. Ukimla askofu kwa haraka, 8...cxb5, malkia anapita hadi a8 na ngome imekwenda. Cheza 8...Rb8: ngome inaondoka kwenye mstari wa hatari na sasa tishio la kumla askofu ni la kweli. Mweupe akivuna askari wa pili kwa 9.Bxc6+ Nxc6 10.Qxc6+, ziba kwa 10...Nd7. Farasi wa g5 anashambuliwa, Be7 iko njiani, na vipande vyake vya upande wa malkia bado vimelala.

8.Ba4 ni zawadi, kama utaifungua vizuri. 8...h6 9.Nf3 e4 10.Ne5 Qd4! Malkia anawashika farasi wa e5 na askofu wa a4 kwa pamoja. Mweupe atajaribu 11.Bxc6+ Nxc6 12.Nxc6 akidhani ametoroka, nawe unacheza 12...Qc5. Tafuta mraba wa kumkimbizia farasi huyo: a5, b4, d4, e5, zote malkia wako anaziona, a7, b8, d8, e7 zina wenyewe. Kipande kizima kwa askari wawili. Utaupata mtego huu mara nyingi kuliko unavyofikiri, hasa kwa anayecheza kwa mazoea ya "askofu arudi nyuma kidogo".

Kwenye mstari wa 8.Be2 h6 kuna pia 9.Nh3, farasi kwenda ukingoni badala ya f3 ili asisukumwe na e4. Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, aliwahi kuitetea hatua hiyo, na Mmarekani Bobby Fischer akaifufua mwaka 1963 dhidi ya mwenzake Bisguier akashinda. Usimdharau anayeicheza. Usikimbilie pia kumla h3 mara moja. Toa Bd6 au Bc5, mfiche mfalme, halafu uamue.

Na akikwepa cheki ya hatua ya sita kwa 6.d3? 6...h6 7.Nf3 e4 8.Qe2 Nxc4 9.dxc4 Bc5. Askofu wake mzuri ameondoka, askari wake wa c wamepandana, na wewe uko huru.

Njia za wenye damu moto

4...Bc5, shambulio la Traxler, linaiacha f7 iliwe. Padri Mcheki Karel Traxler alilicheza mwaka 1890, na tangu hapo halijawahi kukosa mashabiki. Mweupe akila kwa farasi, 5.Nxf7 Bxf2+, moto unawaka na anayejua zaidi ndiye anayeshinda. Shida ni 5.Bxf7+ Ke7, kisha askofu anarudi nyuma: mfalme wako amekwama katikati na askari mmoja amekwenda. Kwenye michezo ya dakika tatu mtaani, cheza ufurahi. Kwenye raundi ya mwisho ukitafuta nusu alama, acha.

5...b5 na 5...Nd4 pia zina wenyewe, na ni njia halali. Ukizichagua, jifunze kwanza hatua inayokatisha tamaa, askofu kurudi f1. Dhidi ya 5...b5 inakuja 6.Bf1 mara moja, na dhidi ya 5...Nd4 huja baada ya 6.c3 b5 7.Bf1. Asiyeijua hudhani Mweupe amechanganyikiwa.

Mweupe asipokwenda g5 kabisa, kazi ni nyepesi. 4.d3: cheza Be7 au Bc5 na O-O. 4.Nc3: kula 4...Nxe4, maana baada ya 5.Nxe4 d5 askari mmoja anawashika askofu na farasi, kipande kinarudi. 4.d4: kula kwa askari, 4...exd4.

Mezani

Sheria ya mguso inahusu ufunguzi huu moja kwa moja. Baada ya 5.exd5 mkono wako utataka farasi wa f6. Ukimgusa kwa nia ya kucheza, lazima umsogeze, na 5...Na5 imekwenda na maji kwa sababu huyo ni farasi mwingine. Weka mikono mapajani hadi uwe umeamua. Kumficha mfalme nako kuna utaratibu: mfalme kwanza, mkono mmoja, kisha ngome. Ukitumia mikono miwili na kubonyeza saa, ni hatua isiyo halali. Ya kwanza mwenzako anaongezewa dakika mbili, ya pili umeshindwa.

Kwenye mchezo mrefu wa dakika 90 na sekunde 30 kwa kila hatua, unalazimika kuandika hatua zote, na huruhusiwi kuiandika kabla ya kuicheza isipokuwa unadai sare. Mchezo wa haraka haukulazimishi kuandika, lakini andika angalau kumi za kwanza kama muda unaruhusu. Bila hizo huwezi kujua ulitoka njiani wapi.

Hatua kumi za mstari mkuu zisikule zaidi ya dakika tatu. Muda uweke kwa hatua ya 12 na kuendelea, pale kumbukumbu inapokwisha na mchezo unapoanza.

Mazoezi

Usikariri kama shairi. Cheza mstari hadi 10...Bd6 mara kumi, na kwa kila hatua ya Mweusi utaje kwa sauti kipande inachokisumbua. Usipopata jibu, hujaielewa, rudi. Siku inayofuata fanya hivyo kwa 8.Bd3, 8.Qf3 na 8.Ba4.

Halafu tafuta mwenzako, mpange hali ya baada ya 10...Bd6, mcheze dakika kumi kila mmoja, mkibadilishana rangi. Michezo sita ya hivyo inafundisha kuliko video nyingi. Ukiwa Mweupe utahisi jinsi askari mmoja wa ziada asivyofaa kitu wakati ngome zako zote ziko nyumbani. Ukikosa mtu, tovuti ya Lichess ni bure, ina sehemu ya kuonyesha hatua ambazo wengine wamecheza kwenye kila hali, na haili bando sana. Stima ikipotea, ubao na vipande vinatosha.

Ukitaka mashindano yanayohesabiwa, kalenda ya Chess Kenya, shirikisho la sataranji nchini, ndiyo ya kuangalia. Siku ya mchezo simu izimwe kabisa, iwekwe pale mwamuzi atakapoelekeza. Ikilia mfukoni umepoteza mchezo hata kama uko hatua moja kabla ya mati. Na ukikaa mezani na vyeusi, mwenzako akaanza kwa e4, Nf3, Bc4 bila kufikiri, mwangalie usoni anapomnyanyua yule farasi wa f3. Akicheka kidogo, anatarajia Nxd5. Mpelekee farasi wa pili a5.